Gongo jipya, la kubinywa kwa rola au la kukerezwa: lipi ununue kwa softiboli?

Mdogo wangu alihamia Columbus, Ohio, mwaka juzi, na kiangazi hiki wenzake wa kazini wamemwingiza kwenye timu yao ya softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo unaofanana na besiboli. Wiki iliyopita alinipigia simu usiku. "Kaka, nina magongo matatu ya kuchagua hapa, sijui nichukue lipi." La kwanza ni la alumini, jipya, karibu dola 100. La pili ni la kompoziti, yaani la nyuzi za kaboni, jipya pia, dola 280. La tatu ni la kompoziti lililotumika, dola 180, na muuzaji alimnong'oneza kwamba "limeshafanyiwa kazi, mpira utaruka wenyewe".

Nilimuuliza ni kazi gani iliyofanywa. Hakujua. Aliambiwa tu asiliache mikononi mwa mwamuzi muda mrefu.

Nimecheza softiboli hapa Minnesota misimu tisa, sita kati ya hiyo nikiwa mrushaji, yaani mtu anayetazamana na mpigaji akiwa karibu naye kuliko mlinzi mwingine yeyote wa mbele. Kwa hiyo nina upande katika habari hii, na ni vizuri msomaji aujue tangu mwanzo. Lakini swali la mdogo wangu ni la haki. Mtu anatoa pesa zake, anataka kujua anapata nini. Basi nimeyaweka magongo hayo sambamba, nikaongeza na la nne ambalo hutangazwa sana mtandaoni: jipya lililobinywa kwa rola kabla halijafika kwako.

Kinachoufanya mpira uruke

Softiboli inayochezwa na watu wazima jioni kwenye viwanja vya manispaa za Marekani ni ile ya kurusha polepole. Mrushaji anasimama futi 50 kutoka kwa mpigaji, mita 15 na robo hivi, anaurusha mpira kwa mkono wa chini, unapaa kwa upinde kisha unashuka. Karibu kila mtu anaweza kuugusa mpira huo. Unapokwenda baada ya kuguswa ndipo penye tofauti, na tofauti hiyo inatokana na nguvu, ufundi wa mikono na gongo. Nguvu na ufundi huchukua miaka. Gongo unalipata kwa kadi ya benki, ndiyo maana watu wengi huanzia hapo.

Ligi za wanaume zinazofuata USA Softball, chama kikubwa cha mchezo huu, hutumia mpira wa mzingo wa inchi 12 ulioandikwa .52. Namba hiyo maana yake ni kwamba mpira ukigonga ukuta mgumu usiotikisika, unarudi na asilimia 52 ya kasi uliyokwenda nayo. Ukiipigia hesabu ya nishati, karibu robo tatu imepotelea ndani ya mpira wenyewe ulipobonyea na kujirudisha. Sasa badala ya ukuta mgumu, weka ukuta mwembamba unaobonyea na kurudi, kama kitanda cha kamba kilichokazwa vizuri. Sehemu ya mgongano inapokewa na ukuta, mpira haubonyei sana, na kile kilichoingia kwenye ukuta kinarudishwa karibu chote. Haya yote humalizika ndani ya takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Tumbo la gongo, ile sehemu nene inayokutana na mpira, ni mviringo ulio wazi ndani. Ncha yake huzibwa kwa kofia ya plastiki, na upande wa pili ni mpini unaoishia kwenye kifundo. Karibu kila ujanja unaouzwa kwa wapigaji unalenga jambo moja: kuulainisha ukuta wa tumbo hilo kuliko alivyouacha mtengenezaji.

Muhuri kabla ya bei

Swali la kwanza nililomuuliza mdogo wangu halikuhusu alumini wala kompoziti. Nilimuuliza, ligi yenu inafuata kanuni za nani? Maana kila chama kina muhuri wake, alama kwenye gongo inayothibitisha kwamba limepita kipimo chake, na gongo zuri kabisa lenye muhuri usiokubaliwa na ligi yako halitakusaidia kitu.

Chama kikubwa ni USA Softball, kilichoanzishwa mwaka 1933 kwa jina la ASA (Amateur Softball Association) na kubadili jina mwaka 2017. Kikomo chake, kinachojulikana kama kipimo cha 2004, ni kasi ya mpira uliopigwa ya maili 98 kwa saa, yaani kilomita 158. Kasi hiyo haipimwi uwanjani. Gongo hufungwa kwenye mhimili likiwa limetulia, mzinga wa hewa unafyatua mpira kulielekea, mitambo inasoma kasi ya kwenda na ya kurudi, kisha hesabu inaonesha gongo hilo lingetoa kasi gani likizungushwa kwa mwendo uliowekwa. Moja ya maabara zinazofanya kazi hiyo iko Washington State University mjini Pullman, ambako mtafiti Lloyd Smith aliisimamia kwa miaka mingi. Mtu mwenye mikono ya nguvu anaweza kuupeleka mpira zaidi ya maili 98 akitumia gongo halali kabisa, kwa sababu kinachopimwa pale ni gongo, mtu hayumo.

Chama cha pili utakachokutana nacho ni USSSA, chenye kipimo chake kinachoandikwa 1.20. Cha tatu ni Senior Softball-USA, cha wachezaji wenye umri mkubwa, kinachoruhusu 1.21, na magongo yake ni moto kweli kweli, yaani mpira hutoka kwa kasi zaidi. Hayo ya wazee hayakubaliki kwenye ligi ya kawaida ya USA Softball hata yakiwa mapya kutoka kiwandani. Yapo pia magongo yenye mihuri miwili, wa USA Softball na wa USSSA, na kwa mtu anayecheza ligi mbili tofauti huo ni ununuzi wa busara.

Kuna jambo moja kwenye mihuri ambalo wauzaji wa magongo ya kubinywa hawalitaji. Tangu muhuri wa ASA wa mwaka 2013, gongo la kurusha polepole halipimwi likiwa jipya tu. Maabara hulipima, hulibinya kwa rola ili lilainike, hulipima tena, hulibinya tena, mpaka livunjike au livuke kikomo. Likivuka kikomo kabla ya kuvunjika, halipati muhuri. Shika hilo, nitalirudia.

Alumini na kompoziti

Gongo la alumini liko siku ya kwanza kama litakavyokuwa katikati ya msimu. Unalitoa dukani, unaingia nalo uwanjani, linapiga. Sauti yake ni kali na ya juu, na baada ya muda unaanza kuona mabonde madogo kwenye tumbo. Mabonde yakizidi au ufa ukitokea, limekwisha. Kwa anayecheza mara moja kwa wiki linaweza kukaa misimu kadhaa. Haliogopi sana baridi, na kwetu Minnesota hilo ni jambo kubwa, maana ligi huanza kabla hali ya hewa haijatengemaa.

Kompoziti ni nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa resini, gundi inayokauka na kuwa ngumu. Likiwa jipya ni gumu, na wengi hukata tamaa wiki ya kwanza wakidhani wameuziwa kitu kibovu. Kila pigo linaacha nyufa ndogo mno kwenye resini, zisizoonekana kwa macho, na ukuta unalegea taratibu. Baada ya mapigo mia moja, mia mbili au zaidi, gongo linafunguka: sauti inashuka na kuwa nzito, mikono haitikisiki tena, na mpira unatoka kana kwamba umesukumwa. Linabaki hapo kileleni kwa muda, kisha nyuzi zenyewe zinaanza kukatika na linakufa.

Ukilinunua, lifungue mwenyewe. Anza kwa mapigo ya nusu nguvu, na kila baada ya mapigo machache lizungushe robo mviringo ili ukuta wote ulainike sawasawa. Tumia mipira halisi ya mchezo. Ile ya mashine za mazoezi yenye vishimo ni migumu kupita kiasi na huumiza tumbo la gongo. Na joto likishuka chini ya nyuzi 16 za Selsiasi, liache kwenye mfuko. Mpira wa softiboli ukipoa unakuwa mgumu kama jiwe. Nilipasua gongo moja kwa njia hiyo jioni ya Aprili, kwa pigo ambalo wala halikuwa kubwa, na ufa ulizunguka tumbo kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kwa hiyo ukiyalinganisha haya mawili yote yakiwa halali, kompoziti lililofunguka lina eneo pana zaidi linalopiga vizuri na linasamehe pigo lisilolenga katikati. Alumini ni rahisi, halihitaji kungojwa, na halina siku ya kufa ghafla. Mtu wa mazoezi mengi atafaidi kompoziti. Mtu anayecheza Alhamisi tu, bila mazoezi, atafika mwisho wa msimu gongo lake la dola 280 bado halijafunguka.

La kubinywa kwa rola

Hapa ndipo biashara inapoingia. Mwenye mashine anachukua gongo jipya la kompoziti, analiweka kati ya rola mbili za nailoni, anazikaza, anazungusha mkono wa mashine, na tumbo linapita likibinywa mara nyingi huku likigeuzwa. Zile nyufa ndogo za resini ambazo zingekuja kwa mapigo mia mbili zinakuja kwa dakika chache. Malipo ni makumi machache ya dola.

Hoja yao huwa ni hii: "Hatujaongeza wala kupunguza kitu, tumekuokolea muda tu." Inavutia, na nimewahi kuisikia kutoka kwa watu waungwana wasiokusudia ubaya. Lakini kwanza, kanuni za USA Softball zinaliita gongo lililobadilishwa umbile lake kuwa limechezewa, na kubinywa kwa rola kunahesabiwa humo. Hakuna msamaha kwa sababu hujaongeza kitu. Pili, kumbuka kile kipimo cha muhuri wa 2013. Gongo la aina moja na hilo lako limeshabinywa maabara na likashindwa kuvuka kikomo. Maana yake unalipia upate kile ambacho gongo lingekupa bure baada ya mazoezi ya majuma machache, na unakula uhai wake. Nyufa za rola zinakuja popote rola ilipobana, hata sehemu ambazo mpira haugusi, karibu na mpini.

Na dhamana imekwenda. Watengenezaji wengi wa kompoziti hutoa dhamana ya mwaka mmoja, na alama za rola ni kitu cha kwanza wanachotafuta gongo linaporudishwa.

Kwa magongo ya zamani, yaliyotengenezwa kabla ya kipimo hicho, rola ilileta faida ya kweli, na ndiyo sababu kipimo chenyewe kikaletwa. Hayo ni ya kale. Leo, nikiweka la kubinywa pembeni ya jipya la kufungua mwenyewe, la kubinywa linashinda kwa jambo moja tu, wiki chache za kungoja, na linashindwa kwa mengine yote.

La kukerezwa

Hili ndilo la dola 180 la mdogo wangu, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Kukereza gongo ni kung'oa ile kofia ya ncha, kulifunga gongo kwenye kerezo, na kukwangua ukuta wa tumbo kwa ndani mpaka uwe mwembamba kuliko ulivyokusudiwa. Kisha kofia inarudishwa kwa gundi. Kwa nje halina tofauti. Rangi ni ile ile, muhuri ni ule ule.

Linafanya kazi. Singekuwa mkweli nikisema halifanyi. Ugumu wa ukuta unaopindika hufuata unene wake kwa kipeo cha tatu, kwa hiyo ukiupunguza ukuta asilimia 10 tu, ugumu unashuka kwa zaidi ya robo. Ule ukuta wa kitanda cha kamba unalegea sana kwa kuondolewa kitu kidogo sana. Mpira unaruka siku hiyo hiyo, bila kufunguliwa, na mtu ambaye mipira yake ilikuwa ikiishia kwenye uzio wa mwisho wa uwanja anaanza kuivusha. Utafiti wa Lloyd Smith na wenzake kuhusu magongo yaliyochezewa ulionesha kwamba kompoziti ndilo linalobadilika zaidi kwa ujanja wa namna hii.

Sasa uingie kwenye viatu vyangu, pale futi 50. Mpira unaotoka kwa maili 98 kwa saa unanifikia kwa sekunde 0.35 hivi. Jicho na ubongo vinakula karibu 0.2 kabla mkono haujaanza kusogea. Nabakiwa na 0.15 ya kuinua glovu. Mpira huo ukitoka kwa maili 110, unafika kwa 0.31, na mimi nimebaki na 0.11. Kasi imepanda kwa maili 12 tu, lakini muda wangu wa kujikinga umekatwa robo. Hewa huupunguza mpira mwendo kidogo njiani, lakini hesabu haibadiliki sana. Yule mpigaji aliyekereza gongo lake amezitoa zile mita za ziada kwenye mkono wangu, mimi ambaye sikuulizwa.

Hili halikunifikia kwa kusoma. Miaka mitatu iliyopita, katika mechi ya kawaida ya Jumatano, mpigaji wa timu pinzani, mtu mwembamba ambaye nilikuwa nimemrushia misimu miwili na kujua uwezo wake, aliupiga mpira ambao sikuuona ukija. Niliusikia. Sauti ilikuwa nzito, fupi, kama mlango wa gari unaofungwa. Ulinipata kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, na mfupa ukapata ufa. Nilipokuwa nimekaa chini na wenzangu wamenizunguka, mwamuzi aliliokota gongo, akalisimamisha kichwa chini, akaligonga taratibu kwenye kisahani cha nyumbani, kile kibao cheupe kilicho ardhini anapopigia mpigaji. Kofia ya ncha ilikuwa imelegea. Kwenye ule uso mweupe wa kisahani likamwagika vumbi jeusi, laini kama masizi ya kibatari. Ni kaboni iliyobaki ndani baada ya kukerezwa.

Mwenye gongo alikuja kuniomba radhi akiwa na machozi. Alinunua mtandaoni, likiwa limetumika, na naamini hakujua limefanywa nini hasa. Nilifungwa plasta wiki sita. Kwa wiki zile sikuweza kumbeba binti yangu aliyekuwa na miezi minane.

Hata ukiweka mkono wangu kando, ukatazama faida ya mnunuzi peke yake, bado hesabu haikai. Ukuta uliokwanguliwa hufa mapema, wakati mwingine ndani ya mapigo mia chache, na unapopasuka unaweza kutoa vipande vyenye ncha kali. Dhamana haipo. Kuliuza tena kwa haki huwezi, labda umfiche mnunuzi kama ulivyofichwa wewe.

Rangi na uzito

Kwa ufupi, kwa sababu havistahili zaidi. Kupaka rangi maana yake ni kulichukua gongo lililopigwa marufuku na kulivika sura ya lililoruhusiwa, pamoja na muhuri wa uongo. Ni ughushi, na anayekuuzia gongo la namna hiyo anaweza kukuuzia lolote. Kuongeza uzito kwenye ncha, kwa kumimina kitu ndani ya tumbo, hakulainishi ukuta. Unapata gongo zito mbele ambalo mikono yako inalizungusha polepole, na faida ya upande mmoja inaliwa na hasara ya upande mwingine. Ukitaka uzito mbele, viwanda vinatengeneza magongo halali ya namna hiyo. Nunua hilo.

Adhabu, na kile unachoruhusiwa kugusa

Kanuni za USA Softball zinatenganisha mambo mawili ambayo wageni huyachanganya. Ukiingia kwenye kisanduku cha mpigaji, eneo lililochorwa anaposimama kupiga, na gongo lisilokidhi masharti, kwa mfano lenye ufa, unahesabiwa umetoka, yaani zamu yako ya kupiga imekwisha, na wenzako wanaokimbia uwanjani wanarudi walipokuwa. Ukiingia na gongo lililochezewa, unahesabiwa umetoka na unafukuzwa mchezoni. Ikiwa ni mashindano ya ubingwa, unafukuzwa kwenye mashindano yote. Huna haja ya kuwa umepiga. Kuingia tu kisandukuni kunatosha. Na kwamba hukujua si utetezi: gongo liko mikononi mwako, ni lako.

Kuna mambo yanayoruhusiwa kabisa. Kubadilisha mkanda wa mpini ni halali, mradi uwe wa kawaida. Ule uliochongwa kama tarumbeta unaoungwa kwenye mpini haukubaliki, na tepu ikizidi matabaka mawili imekuwa kosa. Kuchora alama ya jina lako kwenye kifundo cha gongo la chuma ni sawa. Kuichora upande wa tumbo ni kulichezea. Watu wamefukuzwa kwa vitu vidogo hivi, kwa hiyo usivipuuze.

Ukitaka lililotumika

Magongo yaliyotumika si mabaya. Mengi ni ya watu walioumia goti au waliohama mji. Lakini lishike kabla hujalipa. Tazama mstari ambapo kofia inakutana na tumbo: gundi ya kiwandani ni safi na sawasawa, iliyorudishwa huacha uvimbe, mikwaruzo ya bisibisi, au kofia isiyokaa katikati. Litikise karibu na sikio. Lipime kwenye mizani ya jikoni, ukumbuke mkanda mpya wa mpini huongeza kidogo. Likiwa jepesi kuliko namba iliyoandikwa, kuna kitu kimeondoka. Angalia namba ya utambulisho. Ikiwa imekwanguliwa, rudisha gongo, ondoka. Mashindano mengi sasa yana kifaa kinacholibana tumbo na kusoma ugumu wake. Muulize muuzaji kama yuko tayari mkalipime pamoja kabla ya pesa kubadili mikono. Jibu lake litakueleza mengi.

Basi, lipi?

Kama ni msimu wako wa kwanza na unacheza mara moja kwa wiki, chukua la alumini lenye muhuri wa ligi yako. Kama una mwaka mmoja au miwili, unafanya mazoezi na una subira, kompoziti jipya unalolifungua mwenyewe ndilo bora kuliko yote niliyoyataja, na ndilo ninalopigia mimi. La rola sioni anayelihitaji. La kukerezwa lisiwe hata kwenye orodha. Ukiwa na umri wa miaka 50 na kitu na unaona mikono imepungua kasi, tafuta ligi ya Senior Softball-USA. Huko gongo la moto zaidi ni halali, mpinzani wako analo pia, na kila mtu anajua anasimama mbele ya nini.

Neno moja kwa walioko nyumbani, maana mpwa wangu anacheza softiboli chuoni Nairobi na ameniomba nimtumie gongo. Wao wanacheza ile ya kurusha kwa kasi. Magongo ya huku ya kurusha polepole hayakutengenezwa kwa mpira unaokuja kwa nguvu hiyo, na kwa kawaida ni mazito zaidi. Kwa kanuni za kimataifa gongo lisizidi urefu wa sentimita 86.4, unene wa sentimita 5.7 na uzito wa gramu 1077, lakini kukidhi namba hizo peke yake hakutoshi. Mwenye kutuma msaada atume lile lililotengenezwa kwa mchezo wao, na akague kofia ya ncha kabla ya kulifunga kwenye boksi.

Mdogo wangu alimrudia yule muuzaji akaomba wakalipime lile la dola 180. Hakujibiwa. Amenunua la alumini, inchi 34, aunsi 27. Jana amenitumia picha amekaa kwenye ngazi za nyumba yake, ameshika mkasi, anaubandua mkanda wa zamani wa mpini ili aweke mwekundu, na ananiuliza kama hilo linaruhusiwa. Linaruhusiwa, mdogo wangu. Kaza tu usipite matabaka mawili.